Upepo Uliotoka Nyamira

Mtu wa kwanza kunishuku kwa ajili ya mashua alikuwa baba yangu mzazi, naye hakuwahi kuiona mashua yenyewe.

Nilikuwa nafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari karibu na Nyamira. Ilikuwa miaka ya mwisho ya sitini, na kote Kisii kulikuwa na jambo moja lililowakosesha watu raha, nalo ni kupimiwa mashamba. Wazee wa kamati walizunguka vilimani wakisikiliza nani analima wapi, na wapimaji walifuata nyuma na minyororo yao na vigingi vya chuma. Ukimwona mpima amekaa kwa mtu akinywa chai, ulijiuliza hiyo ni chai ya nini. Majirani waliozikana na kuoleana walianza kuamka mapema kwenda kuchungulia kama mstari wa katani wa mpakani umesogezwa.

Mpima mmoja akaja shuleni kwetu kuomba ruhusa ya kuweka alama juu ya kilima kilicho nyuma ya bweni. Alikuwa Mgoa, mzaliwa wa Kisumu, mwembamba, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa jua. Alipopita karibu na kisanduku changu cha hali ya hewa alisimama kutazama kishale cha upepo nilichokuwa nimekikata kwa bati na kukisimamisha juu ya mti mrefu.

"Mbona umekiweka mbali hivi na majengo?" akaniuliza.

"Kilikuwa karibu na jumba la kulia," nikamjibu. "Paa lilikuwa linaugeuza upepo. Kishale kilinidanganya muhula mzima."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, kama anayepima uzito wangu, na kweli ndivyo alivyokuwa akifanya.

"Jumapili unafanya nini?"

Sisi nyumbani ni Waadventista, siku yetu ya ibada ni Jumamosi, kwa hiyo Jumapili nilikuwa huru. Nikamwambia hivyo. Akasema ana mashua ndogo ya tanga ziwani, kule chini baada ya Oyugis. Kuna watu wachache wanaoshindana huko, naye anahitaji mwenzake wa pili, mwepesi, anayejua kuushuku upepo. Maneno yake yalikuwa hayo hayo, kuushuku upepo.

Nilipomweleza baba jioni ile, aliacha kula.

"Mpima hamwaliki mtu bure," akasema. "Anataka nini kwako?"

"Anataka mtu mwepesi, Tata." Hivyo ndivyo tunavyomwita baba kwa Ekegusii, na nyumbani hatukuzungumza lugha nyingine.

"Watu wepesi wamejaa tele Kisumu."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshawaza hivyo hivyo. Shamba letu upande wa Kebirigo lilikuwa na kipande kando ya kijito ambacho jirani yetu alidai ni chake. Kesi ilikuwa bado mbele ya kamati, na haikujulikana ni mpima gani angeletwa kwenye kilima chetu. Nilikwenda Jumapili ile nikiwa nimejiambia kwamba likitajwa neno moja tu la shamba, nitashuka garini na kurudi kwa miguu.

Halikutajwa, na jambo hilo lilinitia shaka zaidi.

Mashua yenyewe ilikuwa ya mbao nyembamba, ya watu wawili, yenye tanga kubwa na tanga dogo mbele. Alinivika jaketi la kuelea, akanionyesha kamba ya tanga dogo, akaniambia kazi yangu nyingine ni kuning'inia nje ya ukingo mashua inapolala. Nikamwambia sijui kuogelea. Akasema ndiyo maana ya jaketi. Kwa muda mrefu nilidhani kazi yote ni hiyo, kamba na kuning'inia, mpaka siku moja aliposimamisha mashua katikati ya maji, akaachia matanga yapepee, akaanza kunifundisha kama mimi ninavyofundisha darasani.

Boya la kwanza, alisema, huwekwa upande upepo unakotoka, na mashua haiwezi kwenda moja kwa moja kuukabili upepo. Inakwenda mshazari kushoto, kisha inageuka na kwenda mshazari kulia, kama barabara za kwetu zinavyopanda mlima kwa kona. Huko ndiko kubisha. Mpaka hapo ni rahisi. Lakini upepo hauji kutoka mahali pamoja. Unayumba. Ukiyumba upande huu, mshazari uliomo unakupeleka karibu zaidi na boya, basi kaa nao. Ukiyumba upande ule, unakusukuma mbali, basi geuka mara moja, kwa sababu sasa mshazari wa pili ndio mfupi.

"Na kuna siku hauyumbi," akasema. "Unahama. Unatoka hapa unakwenda kule na haurudi tena. Siku hiyo aliye upande unakohamia anawaacha wote. Mtu mjinga anafikiri umehama kumbe umeyumba tu, au anafikiri umeyumba, anangoja urudi, nao hauji."

"Utajuaje?"

"Hapo ndipo ninapotaka macho yako. Mimi natazama matanga na maji. Wewe tazama mbali."

Nikawa natazama mbali. Mchana wa kawaida upepo wa ziwa ulitoka magharibi, nasi tulipoelekea boya la kwanza maji makuu yalikuwa kulia kwetu, na nchi kavu kushoto. Nyuma ya nchi kavu, juu kabisa, vilikuwapo vilima vya kwetu. Nilianza kuona jambo nililolijua tangu utotoni bila kujua kwamba ni elimu. Wingu la mchana linapojijenga juu ya Nyamira, kichwa chake huinama. Kikiinamia Sotik, mvua itakwenda huko na ziwani patakuwa shwari. Kikiinamia ziwa, baada ya muda upepo baridi utateremka kutoka vilimani na kuufukuza ule wa magharibi. Ufukweni kulikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba, na moshi wake ulitangulia kusema. Ulilala kuelekea majini wakati sisi bado tunasukumwa na upepo wa ziwa.

Nilimwambia hayo, tukajaribu, yakawa kweli. Tukaanza kufika mbele. Mashua nyingine tuliziacha.

Isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa ya mama mmoja wa Kizungu, muuguzi wa misheni, aliyekuwa amezalisha nusu ya akina mama wa vilima vya kwetu. Alikuwa na umri wa mama yangu, mikono imejaa madoa ya jua, na alizungumza Ekegusii vizuri kuliko baadhi ya wanafunzi wangu. Kila aliponiona alinisalimu kwa lugha hiyo. Mwenzake wa pili alikuwa karani wa kile kiwanda cha pamba, mtu asiyesema.

Tulipogeuka kushoto, mama yule alikuwa ameshageuka kushoto. Tulipoamua kukaa kulia na kuungoja upepo urudi, naye alikaa. Mara moja au mbili si neno. Lakini Jumapili baada ya Jumapili alikuwa mbele yetu kidogo, kati yetu na boya, upepo uliovurugwa na matanga yake ukituangukia sisi, kama mtu aliyesikia mazungumzo yetu. Mpima akaamuru tusiseme tena kwa sauti. Tukawa tunanong'ona, lakini haikusaidia.

Tulikuwa tunarudi Kisii siku moja, akasimamisha Landrova Oyugis kununua njugu. Aliporudi hakuwasha gari.

"Mwalimu, nikuulize jambo, usikasirike."

"Uliza."

"Wewe na yule mama mmejuana tangu lini?"

"Tangu uliponileta."

"Mnazungumza lugha yenu."

"Ananisalimu. Ananiuliza mama hajambo."

"Kabla ya kila shindano."

Nikaelewa anakokwenda. Damu ilinipanda, lakini nilikuwa ndani ya gari lake na giza lilikuwa linakaribia. Nikamwambia, "Bwana, kama kuna anayempa siri, si mimi."

Alitafuna njugu zake akitazama mbele. Akasema, "Kwenye mashua tuko wawili."

Akawasha gari, tukaondoka. Lakini aliponishuku, nami nilipata ruhusa ya kumshuku. Nilikumbuka kwamba misheni ya yule mama nayo ilikuwa na shamba linalongoja kupimwa. Mimi niliona mpima anashindwa kila Jumapili na mtu ambaye kesho angekwenda kumwekea vigingi. Kwa nini ashindwe? Na kwa nini alimtaka mtu wa vilimani, asiyejua kuogelea, amkalie mbele kama shahidi? Nilianza kumtazama yeye zaidi ya mawingu. Mkono wake ulipochelewa kwenye usukani, nilijiuliza umechelewa kwa nini. Ni vigumu kushindana ukiwa umekaa goti kwa goti na mtu ambaye unahesabu nia yake.

Wakati huo huo jirani yetu wa kijito akaja ziwani.

Nilimwona kutoka majini, kwanza nikadhani ni mtu mwingine. Alisimama ufukweni na koti lake zito la kanisani, kofia mkononi, jua likimchoma. Alikaa pale shindano zima. Tulipoivuta mashua nchi kavu alikuja taratibu, akamsalimu mpima kwa heshima, kisha akanigeukia na kusema kwa Ekegusii, "Nilikuwa na safari ya huku."

"Karibu, Tata," nikasema. Alikuwa rika la baba, na ndivyo nilivyopaswa kumwita.

"Mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Hatukuwa tunakwenda mahali. Tunazunguka yale maboya, tunarudi."

Aliyatazama maboya, kisha mashua. "Mnatoka hapa, mnarudi hapa."

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na mnavuka mkipinda pinda, ingawa njia imenyooka."

Nilijaribu kumweleza habari ya upepo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akivuta kidole kimoja kimoja. Niliona wazi kwamba kila neno langu lilikuwa linanizamisha. Kwake yeye hakuna watu wawili wenye akili, mmoja wao mpima, wanaoweza kukaa peke yao majini mchana kutwa wakirudi palepale. Lazima kulikuwa na jambo lililozungumzwa huko ambako hakuna masikio. Mpima alimpa nafasi kwenye gari mpaka Kisii. Alikaa nyuma, akitazama visogo vyetu, na kabla wiki haijaisha kila mtu Kebirigo alijua kwamba kipande cha kijito kilikuwa kimeshauzwa ziwani.

Baba hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Je, kimeuzwa?" Swali hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Jumapili iliyofuata mpima hakupita kunichukua. Nilimngoja kwenye njia panda mpaka nikachoka, halafu nikapanda basi peke yangu. Nilitaka kuona kwa macho yangu kama anamwachia yule mama ashinde. Nilifika wakiwa tayari majini. Alikuwa amemchukua mmoja wa vibarua wake wa kushika mnyororo, mtu mnene aliyeshika ukingo kwa mikono miwili na kutazama sakafu ya mashua tangu mwanzo hadi mwisho.

Nikakaa juu ya mawe, nikamkazia macho mpima. Kutoka nchi kavu shindano huonekana tofauti, kama kutazama bao kutoka juu. Aliuvuka mstari wa kuanzia vizuri. Akachelewa kugeuka upepo ulipoyumba, akageuka uliporudi, akawa amekosea mara mbili. Hapakuwa na hila. Alikuwa anajitahidi sana, na alikuwa amepotea. Lakini kilichonishangaza ni yule mama. Naye alikuwa amepotea. Niliona kichwa chake kikigeuka tena na tena kuitazama mashua ya mpima, kama mtu anayetafuta saa ukutani na kukuta misumari tu. Alifika wa nne.

Alipokwisha kutua matanga alikuja na chupa yake ya chai, akakaa karibu nami, akanimiminia kwenye kifuniko.

"Leo nimemkosa mwalimu wangu," akasema kwa Ekegusii.

"Mwalimu gani, Mama?"

"Wewe. Macho yangu hayaoni mbali siku hizi. Sivioni vile vilima vizuri. Lakini shingo yako naiona." Akanyoosha kidole kuelekea Kisii. "Unapotaka kwenda upande wa nchi kavu, unainama chini ya tanga, unageuza shingo kama bata. Kabla hujamwambia bwana wako, mimi nimeshageuka."

Nilishika kile kifuniko cha chai. Aliyasema hayo bila kuficha, anacheka cheka, na papo hapo nikawaza, huyu mama ananiambia kwa nini? Mtu aliyepata kisima hawaonyeshi wengine njia. Ama alitaka niache kutazama vilima, tukose kabisa, ama alitaka maneno haya nimpelekee mpima ili tugombane.

"Kwa nini unaniambia, Mama?"

"Kwa sababu hukuja leo," akasema, "na nimeona nimekuwa mvivu."

Nilimpelekea mpima maneno yale hapo hapo, yeye akiwa anakunja tanga lake lenye maji. Alisikiliza bila kuinua uso.

"Hayo amekuambia yeye."

"Ndiyo."

"Ili uniambie."

"Hakusema nikuambie."

"Lakini unaniambia." Akafunga kamba. "Mwalimu, mimi kazi yangu ni kusikia watu wawili wakinieleza mpaka mmoja. Nimezoea."

Hata hivyo yule mtu wa mnyororo alikuwa ametapika njiani na kusema hatarudi tena, na mpima hakuwa na mwingine. Wiki iliyofuata gari lake lilisimama kwenye njia panda. Nilipanda, na tulipofika Oyugis nikamwambia niliyokuwa nimeyafikiri siku zote zile.

"Leo usitazame kichwa changu. Kichwa kitasema uongo. Nikikugusa goti, geuka. Nisipokugusa, endelea, hata ukiona nimejipinda shingo mpaka nyuma."

"Unataka nisiamini ninachokiona, niamini mkono wako."

"Ndiyo."

"Na ukinipoteza?"

"Utakuwa umepata jibu lako kuhusu mimi."

"Sawa," akasema, lakini hakuwa na furaha nayo.

Kabla ya kuanza alifanya kama afanyavyo kila mara. Alisimamisha mashua juu ya mstari, akaachia matanga, akatazama mbele ya mashua kumeelekea wapi ili ajue ncha ipi ya mstari ina faida. Ilikuwa ile ya kulia. Tulianzia hapo, na yule mama alianzia ubavuni mwetu. Mzunguko wa kwanza upepo uliyumba tu, huku na huku, wa kuaminika. Nilikuwa natazama mahali pasipofaa kwa makusudi na kumgusa goti mpima panapofaa, lakini nilikuwa mgeni wa uongo huo na nilichelewa. Mama alimaliza mzunguko mbele yetu. Wa pili vivyo hivyo.

Tulipokuwa tunateremka kwa mara ya mwisho kuelekea boya la chini, ambako tungegeuka tena kubisha mpaka mstari wa mwisho kando ya boya la kwanza, upepo ukiwa nyuma, nilipata nafasi ya kutazama nilikotaka bila mtu kuona, kwa kuwa tanga lote lilikuwa limefunguka na kunificha. Wingu la Nyamira lilikuwa limesimama jeusi mpaka chini, na tumbo lake lilikuwa na ule weupe wa kijani ninaoujua. Kichwa kilikuwa kinaliinamia ziwa. Kisha nikatazama moshi wa kiwanda. Ulikuwa umeanza kuanguka kuelekea majini.

Safari hii upepo ulikuwa unahama. Sikuwa na shaka, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kutokuwa na shaka na kitu chochote.

Mama alizunguka boya la chini, akageuza uso kunitazama. Ndipo nikajinyoosha, nikaweka kiganja juu ya macho, nikakodoa macho kulia, kwenye maji makuu, kama mtu aliyeona jahazi la dhahabu. Alinitazama mpaka akaridhika. Akageuka, akaenda kulia ili atutangulie huko.

Sisi tukazunguka boya tukiwa tumeelekea kushoto, nchi kavu. Mpima alimwona anavyokwenda, akaniona mimi ninavyokodoa.

"Twende naye?" akaninong'oneza.

Mkono wangu ulikuwa juu ya goti langu mwenyewe. Sikuusogeza. Nilihisi mashua ikisita, kwa maana mkono wake ulitaka kusukuma usukani. Kisha ikanyooka na kuendelea kushoto.

Muda mfupi baadaye upepo wetu ukafa. Matanga yalining'inia. Kule kulia mama bado alikuwa na upepo wa magharibi uliobaki, anateleza, anazidi kuwa mdogo. Nilisikia pumzi ya mpima ikipita puani.

"Umeniua, mwalimu," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini sana. Kisha, "Amekuahidi nini?"

Nilitaka kumjibu, ila harufu ilifika kwanza. Udongo uliolowa. Halafu ubaridi shingoni, halafu mstari mweusi juu ya maji ukitoka ufukweni kuja kwetu. Nikasema, sasa kwa sauti kubwa, "Shika." Upepo wa kwetu ukatupiga. Mashua ililala, nikajitupa nje kwa urefu wangu wote, nikamgusa goti kwa mguu kwa kuwa mkono haukufika, akageuka, na mashua ikatazama boya moja kwa moja. Hatukubisha tena hata mara moja. Tulikwenda kama mtu anayeteremka mlima, na mashua zote zilizokwenda kulia ziliachwa upande wa chini wa upepo, zikijikongoja. Mvua ya mawe ilitukuta baada ya kupita mstari wa mwisho, madogo madogo, yakitoboa maji pande zote. Tulijifunika tanga tukangoja. Nilitazama uso wa mpima chini ya tanga lile. Alikuwa anatabasamu, kisha akaacha.

Mama alifika nchi kavu ameloa chapa chapa, nywele zimemshika usoni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema kwa Ekegusii, kwa furaha ya kweli, "Umenidanganya vizuri sana."

Mpima alikuwa amesimama hatua chache.

"Amesema nini?" akaniuliza.

"Amesema nimemdanganya vizuri."

"Kwa lugha yenu."

"Kwa lugha yetu, ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole, akaenda kufungua mlingoti. Nilijua kilichokuwa kinapita ndani yake. Kwamba mama alikwenda kulia akijua, akatuachia ushindi, na kulikuwa na sababu, na sababu hiyo angeikuta siku moja imeandikwa kwenye malalamiko ya mtu fulani. Njia nzima ya kurudi aliniuliza swali moja, "Uliwezaje kujua kwa hakika kwamba angekwenda kule?" Nikamwambia, "Yeye mwenyewe aliniambia ananifuata." Jibu la kweli kuliko hilo sikuwa nalo, na lilikuwa jibu baya. Hakunichukua tena.

Nilifika nyumbani nikamkuta baba amesimama katikati ya majani chai yake. Yalikuwa yamepasuliwa kana kwamba mtu ameyapiga kwa fimbo. Migomba ya jirani ng'ambo ya kijito ilikuwa imelala. Wimbi la uji tuliloanika lilikuwa limechanganyika na matope, kwani mama yangu hakuwahi kulianua.

"Wewe unajua mawingu," baba akasema. "Hukuliona hili?"

"Nililiona, Tata. Nilikuwa mbali."

"Ulifanya nini ulipoliona?"

Nikamwambia kwamba tulishinda. Aliokota jani moja, akaligeuza, akaliachia. Jirani alikuwa anatusikiliza kutoka ng'ambo ya maji, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi walitazamana, yeye na baba, kama watu walio upande mmoja. Wote wawili walikuwa wananitazama mimi.

Kilima chetu hakikupimwa na yule Mgoa. Aliomba apewe kilima kingine, na nadhani aliomba kwa ajili yangu, ingawa sijui kama alitaka kunikinga mimi au kujikinga yeye. Akaletwa mtu mwingine asiyenywa chai kwa yeyote. Mpaka ukabaki palepale penye katani, kama kamati ilivyosema. Jirani alikubali, lakini mpaka alipokufa aliamini kwamba tulikuwa tumepanga kupata zaidi tukashindwa. Baba naye aliamini kwamba tungepata zaidi kama nisingekwenda ziwani.

Mwaka uliofuata karani wa kiwanda alihamishwa, na yule mama alinijia shuleni kwa gari la misheni, akanikuta nikifuta ubao.

"Nahitaji mtu mwepesi," akasema.

Nilimuuliza kama anataka kitu kingine chochote. Alifikiri, akasema, "Nataka uniambie kwa mdomo unachokiona. Nimechoka kusoma shingo."

Nilikwenda naye mpaka miaka ya sabini ilipofika katikati, aliporudi kwao. Tulipokuwa majini nilipiga kelele waziwazi, kushoto, kulia, unayumba, unahama, kwa Ekegusii. Mashua ya mpima ilikuwa karibu mara nyingi, na kila nilipofungua mdomo nilimwona akimwinamia mwenzake mpya, akimuuliza tumesema nini.